Monika, Mama Aliyemfuata Mwanawe kwa Sala na kwa Miguu



Kila mwaka tarehe 27 Agosti Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake, tarehe 28, linamkumbuka mwanawe Augustino. Akina mama wa kikundi cha sala, waliotoka Gitega na waliotoka Muyinga, wametuomba tuandike maisha ya mama huyu katika gazeti letu. Wengi wamelisikia jina lake tangu utoto, na wengine ndilo jina lao la ubatizo, lakini habari zake wamezipata vipande vipande tu. Basi tunazileta hapa kwa mfululizo, jinsi mwanawe mwenyewe alivyozisimulia katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika kati ya mwaka 397 na 400 hivi, miaka kama kumi baada ya kumzika.

Kwanza tungependa jambo moja lieleweke. Picha za Monika zinazotundikwa makanisani humwonyesha kama mama wa Kizungu, amefunika kichwa, machozi mashavuni. Kumbe Monika ni mama wa Afrika. Alizaliwa mwaka 332 hivi katika mji mdogo ulioitwa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria, karibu na mpaka wa Tunisia. Wakati ule nchi hiyo ilitawaliwa na Warumi, na wenyeji wake walikuwa Waberberi. Watu wa Thagaste walilima ngano na mizeituni, mji ulikuwa juu vilimani, mbali na bahari. Mtu aliyetoka kwenye vilima vya Burundi hatapata shida kuuwazia.

Tena jina lake halikutufikia sisi kwa bahati. Mwaka 1867 Charles Lavigerie, Mfaransa, aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Algiers, katika nchi ileile ya Monika. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Baadaye, mwaka 1884, akawa pia Askofu Mkuu wa Carthage, mji ambao tutautaja tena hapa chini kwa habari ya uchungu. Watu wake walifika Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, na mwaka 1881 wakauawa hapo. Wengine walikuja baadaye wakafungua misheni ya Muyaga, na mwaka 1899 ya Mugera, upande wa Gitega. Gitega ikawa Jimbo Kuu mwaka 1959, na Muyinga ikapata jimbo lake mwaka 1968. Hivyo mapadre waliowabatiza mababu zetu walitumwa na askofu aliyekaa katika nchi ambayo Monika alitembea, akalia na kusali.

Tuanze na utoto wake. Wazazi wa Monika walikuwa Wakristo, na nyumba yao ilikuwa na watumishi. Aliyemlea hasa hakuwa mama yake bali mtumishi mmoja mzee, mwanamke ambaye zamani, akiwa msichana, alimbeba baba yake Monika mgongoni. Tumefurahi kuona Augustino hakuiacha habari hiyo ndogo. Nani kwetu asiyejua mgongo wa dada mkubwa? Bibi huyo alikuwa mkali. Aliwakataza wasichana kunywa hata maji nje ya saa za chakula, akihofu kwamba watakapoolewa na kushika funguo za ghala, mazoea ya kunywa yatahamia kwenye divai. Na kweli ilikuwa karibu itokee. Monika alikuwa akitumwa kuchota divai ya nyumbani, akaanza kuonja kidogo, kesho kidogo zaidi, mpaka akawa anamaliza vikombe vizima. Siku moja msichana wa kazi aligombana naye akamtukana kwamba ni mlevi. Neno lile lilimchoma, akaacha palepale. Hatukuweka habari hii hapa ili tuchekeshe watu. Ni kwa sababu wapo wanaodhani watakatifu huzaliwa wakiwa tayari.

Alipofikia umri wa kuolewa akapewa mume aitwaye Patrisi. Huyu hakuwa Mkristo. Alikuwa mmoja wa wajumbe wa baraza la mji, mwenye shamba lakini si tajiri, mtu mkarimu ila mwenye hasira za ghafla, tena asiyekuwa mwaminifu katika ndoa. Mama mkwe naye alikuwa ndani ya nyumba, na watumishi walimjaza maneno dhidi ya mkamwana wake. Monika alikaa na yote hayo miaka mingi. Mama mkwe alishindwa na upole wake, mwishowe mwenyewe akamwambia mwanawe ni nani waliokuwa wakichonganisha. Patrisi alichelewa zaidi. Aliingia katika mafundisho ya dini mwaka 370 hivi, akabatizwa, na mwaka 371 akafariki.

Hapa tunasimama kidogo. Augustino anaeleza kwamba wake wengine wa Thagaste walikuja kwa Monika na alama za kipigo usoni, wakimuuliza imekuwaje yeye, mwenye mume wa hasira kuliko wote, hajawahi kupigwa. Naye aliwashauri wanyamaze mume akiwa na ghadhabu, kisha waseme naye akishatulia. Pengine katika mji ule, na sheria zile, ndiyo njia pekee aliyoiona. Sisi hatutaki Monika afanywe fimbo ya kuwapigia akina mama. Mama anayepigwa hapa makazini asiambiwe tu anyamaze na kusali. Aende kwa wazee wa kanisa, aende kwa wanaoshughulikia ulinzi wa wanawake, asione haya.

Liko jambo lingine katika ndoa ile ambalo watu hulipita haraka, na sisi tungependa kulikalia, kwa sababu linawahusu Warundi kuliko wengine. Mwanawe anasema Monika alikuwa mpatanishi. Watu wawili waliokosana walikuja kwake kila mmoja kwa wakati wake, wakamwaga mbele yake maneno yote ya chuki, yale ambayo mtu huyasema akidhani yuko mahali pa siri. Monika alisikiliza pande zote mbili. Kisha alipompelekea huyu habari za yule, alibeba yale tu yanayoweza kupatanisha. Mengine aliyazika. Augustino anaongeza kwamba angeliona hilo ni jambo dogo kama asingeliwajua watu wengi mno wanaobeba maneno ya adui hadi kwa adui, na kuyaongezea hata yasiyosemwa. Sisi tuliokimbia mwaka 1972, au 1993, au 2015, tunajua neno likibebwa linafika wapi. Tunajua pia bombani na kwenye foleni ya mgao wa chakula linavyosafiri leo. Mama anayemwombea mtoto wake usiku halafu asubuhi akampandia mbegu ya chuki ya jirani, huyo anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Monika alikuwa na mikono miwili inayofanya kazi moja.

Watoto wake tunaowajua ni watatu: Augustino, aliyezaliwa tarehe 13 Novemba 354, ndugu yake Navigius, na binti mmoja ambaye kaka yake hakumtaja jina, ila tunajua alikuja kuongoza nyumba ya watawa wa kike. Hao wawili hawakumpa mama machozi mengi. Aliyemliza alikuwa Augustino, mtoto mwenye akili za ajabu.

Baba alitaka mtoto asome, na mama pia alitaka. Fedha zilikuwa shida. Augustino alipofikisha miaka 16 alirudi nyumbani kutoka shuleni Madaura akakaa mwaka mzima bure, baba akitafuta karo ya kumpeleka Carthage, mji mkubwa wa Afrika wakati ule. Katika mwaka ule wa kukaa bure ndipo kijana alipoanza makundi mabaya. Hata pera waliiba na wenzake usiku, si kwa njaa, wakawatupia nguruwe. Wazazi wenye vijana waliomaliza darasa la mwisho hapa makazini na hawana pa kuendelea wanajua hatari ya mwaka kama ule. Mwishowe mtu wa Thagaste mwenye mali, Romanianus, alisaidia gharama, naye akaenda Carthage. Baba alipofariki, Monika mjane aliendelea kumlipia mwanawe masomo.

Huko Carthage Augustino alichukua mwanamke bila ndoa, na mwaka 372 hivi wakazaa mtoto wa kiume, Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Ni jina la namna ya majina yetu, Bizimana au Hakizimana, ambayo mzazi humtaja Imana kila anapomwita mtoto. Kisha akajiunga na Wamanikei, wafuasi wa mtu aliyeitwa Mani aliyefundisha katika nchi za Persia. Hao walisema kuna miungu miwili ya nguvu, wa nuru na wa giza, na kwamba mwili na vitu vyote vya dunia vimechanganyika na giza. Augustino alikaa nao miaka 9, na kwa ulimi wake akawavuta na wengine.

Aliporudi Thagaste kufundisha, Monika alimkatalia kukaa nyumbani mwake na kula mezani pake. Si kwa sababu ya mwanamke yule. Ni kwa sababu ya mafundisho yale. Watu humsifu kwa machozi na kusahau kwamba alijua pia kufunga mlango.

Lakini mlango haukufungwa muda mrefu. Usiku mmoja aliota amesimama juu ya ubao mnyoofu wa kupimia, kama wa seremala, na kijana mwenye kung'aa anamjia akimuuliza sababu ya huzuni yake. Akasema analia kwa ajili ya mwanawe aliyepotea. Kijana akamwagiza atazame vizuri, aone kwamba pale alipo yeye, mwanawe yupo pia. Akageuka, akamwona Augustino amesimama naye juu ya ubao uleule. Asubuhi alimsimulia mwanawe. Augustino, mwenye hila za wasomi, akajaribu kuigeuza ndoto: akasema labda maana yake ni kwamba mama atakuja upande wake. Monika bila kusita akamjibu kwamba hakuambiwa atakuwa alipo mwana, bali kwamba mwana atakuwa alipo yeye. Augustino anakiri kuwa wepesi wa jibu lile ulimgusa kuliko ndoto yenyewe. Akamruhusu kurudi kula mezani.

Akamwendea pia askofu mmoja ambaye utotoni alilelewa na Wamanikei akawatoka mwenyewe. Alimsihi azungumze na mwanawe. Askofu alikataa, akasema kijana bado ana kiburi cha mambo mapya, hafundishiki, mama amwache na azidi tu kumwombea. Atajionea mwenyewe kwa kusoma. Monika hakuridhika. Akazidi kulia na kusihi, mpaka askofu akachoka naye, akamwambia aende zake, kwani mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Askofu alisema hivyo kwa kuudhika kidogo. Monika alilipokea kama neno lililotoka mbinguni.

Sasa tunafika kwenye habari ya Carthage tuliyoitaja. Mwaka 383 Augustino, akiwa mwalimu huko, aliamua kwenda Roma. Mama alimfuata mpaka pwani akamshika kwa nguvu, ama arudi naye nyumbani, ama waende pamoja. Augustino akamdanganya. Akasema ana rafiki anayesubiri upepo ili asafiri, na yeye anamsindikiza tu. Akamshawishi mama alale katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani kilichokuwa karibu na bandari. Monika akapitisha usiku ule katika sala, akimwomba Mungu azuie safari. Usiku huohuo upepo ukavuma, merikebu ikang'oa nanga, na asubuhi mama akabaki ufukweni peke yake akilia kama mwenye wazimu.

Wapo kati yetu akina mama wanaoijua asubuhi hiyo. Mtoto aliyelala ndani ya turubai jioni, na alfajiri mkeka ni mtupu na mfuko hauko. Amekwenda mjini kutafuta kazi, au amevuka mpaka kurudi, au amefuata wanaowaandikisha vijana kwa siri. Hakuna aliyekuaga kwa kweli, kwa sababu alijua utamzuia. Na tazama lililo gumu zaidi: ombi la Monika la usiku ule lilikataliwa. Aliomba asiende, naye akaenda. Augustino, akiandika akiwa mzee zaidi, anaeleza kwamba Mungu hakumpa mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akiomba siku zote. Kwa maana huko Italia ndiko alikokuwa akisubiriwa. Lakini Monika asubuhi ile hakulijua hilo. Alirudi tu nyumbani akaendelea, asubuhi na jioni kanisani, bila kuacha siku.

Augustino aliugua vibaya sana Roma, karibu kufa, na mama hakuwa na habari. Mwaka 384 akapata kazi ya heshima ya kufundisha ufasaha katika mji wa Milano, uliokuwa makao ya mfalme. Na mwaka 385 Monika, mjane mwenye miaka zaidi ya 50, akapanda merikebu. Bahari ilichafuka. Desturi ilikuwa mabaharia huwatuliza abiria, ila safari ile abiria mmoja mjane ndiye aliyewatuliza mabaharia, akiwahakikishia kwamba watafika.

Alipofika Milano alimkuta mwanawe amewaacha Wamanikei, ila hajaamini bado. Hakurukaruka kwa furaha. Alisema kwa utulivu kwamba anaamini atamwona Mkristo kabla hajafa, kisha akaongeza sala.

Ugenini kuna kujifunza upya, na Monika alijifunza. Kwao Afrika akina mama walikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Akafanya hivyo Milano, bawabu akamzuia, akasema Askofu Ambrosi amekataza. Monika hakubishana, wala hakusema kwetu tunafanya hivi. Tangu siku ile badala ya kapu la chakula alipeleka sala makaburini, na chakula akawapa maskini. Alisumbuka pia kwa kufunga: Roma watu walifunga Jumamosi, Milano hawakufunga, je, yeye mgeni ashike ipi? Akamtuma Augustino kwa Ambrosi. Jibu likawa kwamba mtu ashike desturi ya kanisa la mahali alipo. Tunaiacha habari hii hapa kwa wale wanaovutana kila Jumapili kuhusu ngoma za Gitega na nyimbo za Muyinga.

Mwaka 386 Justina, mama wa mfalme kijana Valentiniano wa Pili, alitaka kanisa moja la Milano litolewe kwa Waario, waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba. Askari wakazingira. Waumini walikesha ndani na askofu wao, tayari kufa naye, na Monika alikuwa wa mbele katika kukesha. Katika siku zile Ambrosi aliwafundisha watu kuimba tenzi na zaburi kwa kupokezana ili wasichoke kwa huzuni. Augustino alikuwa bado nje, anatazama tu.

Lazima tuseme na jambo lisilopendeza. Monika alitaka mwanawe afunge ndoa halali, basi akamtafutia mchumba wa familia nzuri, msichana ambaye hata umri wa kuolewa alikuwa bado hajaufikia. Ilibidi kungoja miaka miwili. Kwa ajili hiyo yule mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi akarudishwa Afrika. Aliapa hatajua mwanaume mwingine, akaondoka, na mtoto wake Adeodatus akaachwa kwa baba. Jina lake hatulijui. Augustino anasema moyo wake ulichanika ukatoka damu, ila hakuwa na nguvu kama ya mwanamke yule, kwani mara moja alichukua mwingine wa kungojea nao. Ndoa iliyopangwa haikufungwa kamwe. Tukimsoma Monika na machozi yake ufukweni Carthage, tunamfikiria pia mama huyu wa pili aliyepita bahari ileile akirudi bila mwanawe. Utakatifu wa Monika hautudai tulifiche hilo.

Mnamo Agosti mwaka 386, katika bustani ya nyumba waliyopanga, Augustino alishindana na nafsi yake mpaka akaanguka chini ya mtini akilia. Akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia kwamba achukue asome. Akafungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, akasoma mistari michache, na mashaka yakamtoka. Rafiki yake Alypius alikuwa naye. Wote wawili waliingia ndani moja kwa moja kumwambia mama. Furaha ya Monika ilikuwa kubwa kuliko ile ya wajukuu aliyoitarajia kutokana na ndoa.

Miezi iliyofuata walihamia Cassiciacum, nyumba ya shamba ya rafiki. Monika aliwatunza kina Augustino kama wanawe wote, na walipokaa kujadiliana mambo ya hekima alikaribishwa akae nao, akasema, na mwanawe akayaandika maneno yake kwa heshima. Mama ambaye hakusoma shule za wanaume wale aliwashangaza mara kadhaa. Usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 387, Ambrosi aliwabatiza Augustino, Alypius na kijana Adeodatus, aliyekuwa na miaka kama 15. Tangu Augustino alipoingia kwa Wamanikei hadi usiku ule ilikuwa miaka kama 14.

Basi wakaamua kurudi kwao Afrika. Walisafiri mpaka Ostia, bandari ya Roma, wakapumzika wakingojea merikebu. Mwaka ule jemadari mwasi Maximus aliingia Italia kwa vita, na Augustino hakuweza kuvuka bahari mpaka mwaka 388. Mama hakuvuka tena.

Siku moja huko Ostia mama na mwana walisimama dirishani, wakitazama bustani ya ndani, wawili peke yao, wakazungumza juu ya uzima wa milele mpaka wakasahau mahali walipo. Mwisho Monika akasema kwamba haoni tena kinachomfurahisha katika maisha haya. Jambo moja lilimfanya atake kuishi, nalo amelipata kupita alivyoomba. Baada ya siku kama tano akashikwa na homa.

Hapa ndipo maisha yake yanapotugusa sisi watu wa makazini kuliko popote. Monika kwa miaka mingi alijiandalia kaburi kando ya mumewe kule Thagaste. Kila mtu alijua. Alitaka isemwe kwamba baada ya safari zote za bahari, udongo mmoja uliwafunika wote wawili. Nani kati yetu asiyelitamani hilo, kulazwa kwenye kilima chake, chini ya migomba ya baba yake? Homa ilipozidi, Navigius akasema heri mama angefia nyumbani kuliko ugenini. Monika akamtazama kwa macho ya kumkemea. Akawaambia wauzike mwili huu mahali popote, wasisumbuke nao. Anachoomba ni kimoja, kwamba popote watakapokuwa wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Baadaye Augustino alipata kusikia kwamba watu wa Ostia walikuwa wamemuuliza kama haogopi kuuacha mwili wake mbali hivyo na mji wake. Akajibu kwamba hakuna kilicho mbali na Mungu, wala hana hofu kuwa siku ya mwisho Mungu hatajua mahali pa kumfufulia.

Siku ya tisa ya ugonjwa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake, na Augustino akiwa katika mwaka wa 33 wa umri wake. Kijana Adeodatus alilia kwa sauti, wakamtuliza. Rafiki yao Evodius akachukua kitabu cha Zaburi akaanza Zaburi ya 101, na nyumba nzima ikaitikia. Augustino alijizuia siku nzima, hata kaburini. Usiku, peke yake kitandani, ndipo alipolia, muda mfupi tu, na akaandika kwamba anayetaka kumcheka kwa hilo na amcheke, au bora amwombee.

Monika akabaki Ostia. Mwaka 1430 mabaki yake yalihamishiwa Roma, na leo yako katika kanisa la Mtakatifu Augustino mjini humo. Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo huko Ostia walikuta kipande cha jiwe la marumaru, na juu yake maneno ya kaburi lake.

Augustino akawa padre mjini Hippo mwaka 391, baadaye askofu wa mji huo. Adeodatus alikufa kijana. Tarehe 28 Agosti 430 Augustino naye alifariki, mji umezingirwa na Wavandali na umejaa watu waliokimbilia humo. Katika Maungamo alikuwa amewaomba wote watakaosoma wawakumbuke altareni Monika na Patrisi, wote wawili, na yule mume wa hasira pia.

Katika Misa ya tarehe 27 Agosti hapa kwetu yatasomwa majina ya akina mama waliofia ugenini, na ya wale waliobaki Gitega na Muyinga ambao hatujapata habari zao. Kila familia iandike jina la mama na la kilima chake, ilete kwa katekista wa kijiji kabla ya Jumapili itakayotangulia. Ambaye hajui kuandika aje tu, ataandikiwa.